Ukumbi wazi sawa, lakini jua mapema chumba kitatokea wapi

Mkuu, umeuliza kama sebule, sehemu ya kulia na jiko viwe ukumbi mmoja bila ukuta, na una watoto wawili wadogo na mama ambaye huenda akahamia kwenu. Nimekaa kwenye nyumba ya namna hiyo miaka tisa. Jibu langu ni ndiyo, acha wazi. Ila kabla fundi hajachimba msingi, amua ni kona ipi siku moja itageuka chumba, na uiandae tangu sasa.

Sisi hatukuiandaa. Ramani yetu ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye dirisha pana upande mmoja, na miaka mitatu ya mwanzo tuliufurahia kwelikweli. Niko jikoni, namwona mtoto anajifunza kutembea huku nakata vitunguu. Kisha baba mkwe akavunjika nyonga. Ngazi hawezi, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Tukamtandikia kitanda kwenye kona ya ukumbi, tukazungusha pazia. Alfajiri anayeamka wa kwanza anawasha taa ya jikoni, na swichi hiyohiyo inawasha taa iliyo juu ya kitanda cha mzee. Anavuta shuka usoni, hasemi neno. Iliniuma sana, na mpaka leo nikiona ramani ya nyumba naanza kuangalia swichi.

Tulipotaka kumjengea ukuta, tukakuta utaangukia katikati ya lile dirisha pana. Kona yenyewe ilikuwa na soketi moja, na kwenda chooni ilibidi apite katikati ya jiko. Tukaishia kubomoa plasta ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Kwa hiyo kona yako ya akiba ipe dirisha lake, taa na swichi yake, soketi kwenye kuta mbili, na njia ya kufika bafuni isiyopita jikoni. Nafasi ya mlango iwe na sentimita 90 za wazi, kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza. Vigae tandika ukumbi mzima kwanza, ukuta mwepesi usimame juu yake baadaye. Siku ukiuondoa, utaziba matundu machache tu. Kama utapenda milango ya kuteleza, itundike kwenye reli ya juu, kwa sababu reli ya sakafuni hujaa uchafu na huwakwaza wazee. Ndani ya dari ipite mbao imara pale reli itakapofungwa, maana gipsamu peke yake haibebi mlango.

Wazo hili limeshajaribiwa zamani. Mwaka 1924, huko Utrecht, Uholanzi, msanifu majengo Gerrit Rietveld alishirikiana na Truus Schröder, mjane mwenye watoto watatu, kusanifu nyumba ambayo ghorofa yake ya juu inaweza kuwa uwazi mmoja, na kuta za kuteleza zikivutwa vinapatikana vyumba. Mama huyo aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985. Watoto walikua, wakaondoka, na nyumba ikaendelea kumfaa.

Kuhusu sauti, hapa ndipo wengi hujuta. Vigae, vioo na kuta tupu hurudisha sauti, kwa hiyo blenda ikinguruma jikoni, anayesoma mezani anaacha kusoma. Zulia, mapazia mazito na rafu iliyojaa vitabu vilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Lakini mlango wa kuteleza huacha upenyo pembeni na sauti inapita. Chumba cha kulala au cha kusomea kifunge kwa mlango mzito wa bawaba. Na feni ya kuvuta moshi isukume hewa nje kwa bomba. Zile zinazochuja na kuirudisha ndani haziondoi mvuke.

Kama unavunja ukuta uliopo, mwite mhandisi kwanza ajue kama ukuta huo unabeba uzito wa nyumba. Kuugonga kwa vidole hakutoshi, hasa kukiwa na ghorofa juu.

Jambo moja zaidi ambalo natamani tungelifanya: chora ukumbi kwa chaki ardhini, kwa ukubwa wake halisi. Panga viti, beba sinia, tembea kutoka mlangoni hadi jikoni, mwingine aje kwa upande wa pili. Njia ya mtu mmoja ipe sentimita 90, wakipishana wawili 120. Yetu ilipita kati ya kochi na televisheni, na hakuna aliyeiona kwenye karatasi.

Ramani ikiwa tayari iweke hapa, na uonyeshe madirisha na swichi zilipo. Nitaipitia kwa makini.