Je, njaa huua ukungu wa mpunga?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mpunga wangu hapa Ifakara una madoa yenye umbo la almasi, kijivu katikati, kahawia pembeni. Jirani anasema nisitie urea kabisa, ukungu utakufa njaa. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dalili hizo ni za blasti, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na ukungu. Ni kweli urea ikizidi blasti hushamiri, lakini ukungu huu umeizoea njaa. Kijimbegu chake kikitua kwenye umande wa jani hakina chakula ila akiba kilichokuja nayo. Nitrojeni ikikosekana, ukungu hutengeneza kwa wingi protini iitwayo Mpg1, inayousaidia kung'ang'ania nta ya jani. Kisha hujila wenyewe: vimeng'enya huvunjavunja protini kuukuu ili kijengeke kifuko cha kutobolea jani. Kwa darubini ni kiduara cheusi tii, lakini msukumo ndani yake hufika megapaskali 8, kama mara 40 ya tairi la gari! Watafiti walipozima jeni za kujila huko, ukungu ulishindwa kupenya jani. Hapo ndipo ninapoweka matumaini yangu ya dawa mpya.

Kwa sasa, urea igawe mara mbili au tatu, majaruba yasikauke, na mbegu usichukue kwenye mpunga wenye madoa.