Shangazi, kila siku ni "kesho nitasoma, mama"

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume yuko kidato cha tatu, shule ya kata hapa Mbagala. Darasa la saba alifaulu vizuri tu. Sasa nikimwambia asome, jibu ni "kesho, mama". Anatega alamu ya saa kumi alfajiri kwenye simu yangu, inatuamsha nyumba nzima, yeye anaizima na kulala. Simu yake nimeichukua mwezi sasa, anakaa tu anachora-chora. Bakora ameonja. Baba yake anataka tumpeleke Handeni kwa babu yake akalime. Au nimtafutie tuisheni? – Mama aliyechoka*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Simu umeichukua mwezi mzima na bado hasomi. Basi simu haikuwa kiini cha tatizo. Ilikuwa mahali pa kujificha, na sasa amehamia kwenye kuchora. Halafu mvivu hategi alamu ya saa kumi. Usiku kijana wako anakusudia kweli kusoma. Asubuhi ndipo anakumbuka kilichomo kwenye lile daftari.

Na kilichomo ni nini? Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kidato cha kwanza na cha pili wengi hujikongoja kwa kukariri, na mtihani wa upimaji wanapita. Cha tatu kinakuja na mambo kama mole kwenye Kemia (kipimo cha kuhesabia chembe ndogo za vitu), yenye hesabu ndani yake, na usipoelewa swali linauliza nini huna pa kuanzia. Anafungua daftari, anajiona mjinga, analifunga. Akilifunga anapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye "kesho", na kesho yenyewe inazidi kuwa nzito.

Hili silitoi kichwani mwangu. Timothy Pychyl, mwanasaikolojia wa Kanada, ameandika sana kwamba anayeahirisha anakimbia hisia mbaya zaidi kuliko anavyoshindwa kupanga muda. Mwaka 2010 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza hawakuahirisha sana kama wenzao ulipokuja wa pili. Sasa fikiria bakora inafanya kazi gani hapo. Inaongeza hisia ileile anayoikimbia.

Kwa hiyo leo usimuulize "umesoma?" Kaa naye, mwambie, "Nionyeshe mahali ulipoacha kuelewa." Afungue daftari, arudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka afike anapoweza kukueleza kwa Kiswahili. Usijali kama wewe Kemia huijui, tena ni afadhali, maana atalazimika kukufafanulia. Usishangae mkijikuta kwenye daftari la kidato cha kwanza, na usigune! Hapo ndipo pa kuanzia.

Viporo vya wiki zilizopita viacheni kwanza. Akianza navyo atakata tamaa kabla ya Ijumaa.

Alfajiri nayo ifute. Mtoto anayegombania daladala asubuhi, makonda wanamkwepa kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, na jioni hivyohivyo, anahitaji usingizi wake. Apumzike akirudi, ale, kisha asome. Ila asiseme "nitasoma usiku". Aseme, "Nikishatoa vyombo, nakaa mezani, nafanya swali moja la Kemia." Wanasaikolojia, Peter Gollwitzer akiwa mmojawapo, wameonyesha kwamba mpango unaotaja lini na wapi hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Swali moja likiisha na akitaka kuondoka, mwache aondoke. Najua itakuuma. Wewe kazi yako ni kuzima televisheni dakika hizo na kumshika mdogo wake, kama yupo.

Tuisheni ngoja kwanza. Darasa la watu sitini, mwalimu anasoma notisi zilezile kwa Kiingereza kilekile, litakumalizia hela tu. Tafuta mtaani kijana aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi. Mitihani yao huwa Mei, na baada ya hapo wengi wako nyumbani wanasubiri matokeo. Amweleze kwa Kiswahili, kisha wajibu pamoja maswali ya mitihani ya taifa (NECTA) ya miaka ya nyuma kwa Kiingereza. Na uende shuleni ukamwone mwalimu wa darasa, taratibu, umuulize kama kuna vipindi anavyovikwepa.

Handeni aende likizo ya Desemba, awasalimie, arudi. Mwambie baba yake asimtishie tena kwa jembe. Babu analima kwa heshima zake, hakuomba aletewe mfungwa.