Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaiweka, nikairudia tena usiku. Unasema huu ni mwaka wa nne uko kazini, uzamili wa uchumi unao, na sasa moyo unakutuma uache mshahara ukasome shahada ya uzamivu. Umeniuliza mawili: je, hisabati yako inatosha? Na je, mimi niliyepita njia hiyo ningeipita tena?

Naanza na la hisabati kwa kuwa ndilo jepesi. Kwa sasa haitoshi. Wewe ni hodari wa kukokotoa, nakujua, lakini mwaka wa kwanza wa uzamivu unataka uthibitisho. Masomo yenyewe ni matatu karibu kila mahali: uchumi mikro, yaani wa kaya na kampuni; uchumi makro, wa nchi nzima; na ekonometriki, yaani takwimu za kiuchumi. Huko hakuna atakayekuuliza bei ikipanda wanunuzi watafanya nini. Utaambiwa uthibitishe kwamba zipo bei zinazoweza kusawazisha masoko yote kwa wakati mmoja, na useme ni kwa masharti gani. Ukurasa mzima unaweza usiwe na tarakimu hata moja. Katika programu nyingi za Marekani, mwisho wa mwaka huo kuna mtihani wa kufuzu. Ukianguka hupewa nafasi ya pili, na ukianguka tena safari imekwisha. Kwa hiyo jiandikishe somo la uchambuzi halisi, lile la mifuatano, mipaka na uthibitisho, lifanyie mtihani na upate alama. Wanaochagua waombaji huitafuta alama hiyo kabla hawajasoma neno moja la maelezo yako.

Wala usione aibu kuanza sasa. Elinor Ostrom aliomba kusoma uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akakataliwa kwa sababu hakuwa na hisabati ya kutosha. Alipokuwa msichana shuleni walimwelekeza asiendelee na hisabati ya juu. Akaingia sayansi ya siasa, akaandika tasnifu kuhusu watu wa kusini mwa California waliokuwa wakigombea maji ya chini ya ardhi, akaimaliza mwaka 1965. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nakupa habari zake ili usijihukumu kwa pengo ulilo nalo leo, lakini usizifanye kisingizio cha kukwepa hisabati. Mlango uliofungwa mbele yake bado unafungwa kwa ufunguo uleule.

Sasa nije kwenye lile zito. Watu huogopa mwaka wa kwanza. Mimi naomba uuogope wa tatu. Mitihani imekwisha, ratiba haina kitu, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoanza shule hakuna mtu anayekupa swali. Unatakiwa ulilete wewe, liwe swali ambalo halijajibiwa na linaloweza kujibika, na jibu lake liwe na maana kwa watu wengine. Wenzangu wawili waliofaulu mtihani wa kufuzu vizuri kuliko mimi waliondokea hapo. Akili walikuwa nazo, tena nyingi. Kilichowashinda ni kuamka asubuhi bila kazi ya nyumbani.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Katika mwaka huo wa tatu nilikuwa na data za uchunguzi wa kaya, maelfu ya watoto, kila mmoja na mstari wake. Nilitaka kujua elimu ya mama inachangia nini katika mahudhurio ya mtoto shuleni. Jibu lilipotoka lilinishangaza: kadiri mama alivyosoma zaidi, ndivyo mtoto alivyohudhuria kidogo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikajenga nadharia ya mama msomi aliyebanwa na kazi, nikaandika kurasa kumi na tano, nikampelekea msimamizi wangu. Aliuliza jambo moja tu: mama aliyesoma kuliko wote alisoma miaka mingapi?

Nilikuwa sijaangalia. Nilirudi kwenye kompyuta nikaipanga safu ile kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa palikuwa na 99. Na chini yake 99, na 99 tena, zaidi ya watoto mia mbili. Katika dodoso lile, 99 ilikuwa alama ya karani, maana yake “haijulikani”. Wengi wao walikuwa watoto waliofiwa na mama zao au wanaoishi mbali nao, ndiyo maana aliyejibu hakujua. Nami nilikuwa nimewaandika kuwa watoto wa wasomi wakubwa kuliko wote, kisha nikaeleza kwa ufasaha kwa nini hawaendi shule. Nilipowatenga, uhusiano ule ukageuka kama ulivyotarajiwa: mama aliyesoma, mtoto anahudhuria. Nadharia yangu yote ikaanguka. Nililia siku ile, mwanangu, na si kwa ajili ya zile kurasa kumi na tano.

Tangu hapo kila data ninayopewa naisoma mstari kwa mstari kabla ya kuiuliza chochote. Hayo ndiyo niliyojifunza katika uzamivu. Mengine yamo vitabuni.

Basi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nataka ufanye jambo moja. Chagua makala moja iliyochapishwa katika jarida la uchumi, yenye swali linalokugusa. Majarida mengi makubwa siku hizi huwataka waandishi waweke wazi data na programu za kompyuta walizotumia kukokotoa. Chukua data, programu yao usiifungue. Jaribu kulitengeneza jedwali lao la kwanza wewe mwenyewe, kwa kufuata tu maneno waliyoandika. Namba zako zitakataa kulingana na zao. Hapo ndipo utajijua: utachoka na kufunga kompyuta, au utakosa usingizi ukitaka kujua zimeachana wapi.

Zoezi hili si dogo. Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipopewa kazi ya darasani ya namna hiyo. Alichagua makala ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya mwaka 2010, iliyosema kwamba nchi zilizoendelea zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao ulikua kwa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa walikuwa wakiitaja walipotetea kubana matumizi ya serikali. Kijana akarudia, namba zikakataa. Akawaandikia waandishi, nao wakampa lahajedwali lao, yaani faili la kompyuta walimokokotolea. Fomula ya wastani ilikuwa imeziruka nchi tano za kwanza kwenye orodha, kuanzia Australia hadi Denmark. Yalikuwapo na mengine, ya data zilizoachwa na jinsi nchi zilivyopewa uzito katika wastani, ambayo waandishi waliyabishia, lakini kosa la fomula walilikubali. Mwaka 2013 yeye na walimu wake wawili walitoa hesabu mpya: asilimia 2.2. Mwanafunzi, na kazi ya darasani.

Ya ufadhili nisikuchoshe nayo. Programu kubwa za Marekani kwa kawaida husamehe karo na kutoa posho, nawe unafundisha au unamsaidia profesa utafiti, kwa miaka mitano au sita. Ulaya mara nyingi ni mitatu au minne baada ya uzamili. Mahali wasipotoa fedha, usiende. Ukiweza kupata mwaka mmoja au miwili ya kuwa msaidizi wa utafiti kwanza, pokea.

Msimamizi ndiye wa kuangalia sana. Mimi wa kwanza nilimchagua kwa umaarufu wake, nikapoteza karibu mwaka nikisubiri ajibu. Huyu aliyeniuliza kuhusu mama aliyesoma kuliko wote alikuwa wa pili, jina lake halikujulikana sana, na alisoma kila ukurasa niliompa. Kabla ya kukubali chuo, waandikie wanafunzi wake wa mwaka wa nne. Waulize rasimu ikienda kwake hurudi baada ya siku ngapi.

Je, ningeipita tena? Ndiyo. Ningekwenda kwa msimamizi wa pili moja kwa moja, na ningewatafuta wale watoto mia mbili mapema zaidi.

Ukishachagua makala, nitumie jina lake. Nitachukua data hizohizo nilifanye jedwali la kwanza huku kwangu, bila kuona lako. Tupeane wiki tatu, halafu unipigie tulinganishe, safu kwa safu.

Mama yako