Kusimulia hadithi za zamani za kubuni za kisayansi: usiigize, toa taarifa

Mkuu, umeuliza kama simu inatosha kurekodi hadithi fupi za zamani za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili, na kama msimuliaji abadili sauti kwa kila mhusika. Simu inatosha. Hilo la pili ndilo zito, na nalijibu kama mtu anayesoma hadithi hizi nyumbani, hapa Chumbageni, Tanga.

Wasikilizaji wangu wakubwa ni mafundi cherehani wa Ngamiani. Simu iko mezani, cherehani zinalia, bajaji zinapita nje, na hadithi inaendelea. Mahali kama hapo mnong'ono haufiki na ukelele unakera. Msimuliaji anayepandisha na kushusha sauti kama yuko jukwaani, nusu ya hadithi yake inamezwa.

Lakini hata pangekuwa kimya ningesema hivyo hivyo. Waandishi wengi wa zamani wa fani hii wanasimulia kama mashahidi. Chukua "The Star" ya H. G. Wells, ya mwaka 1897. Inaanza na tangazo la siku ya Mwaka Mpya: vituo vitatu vya kutazama nyota vimeona kwamba mwendo wa sayari ya Neptune umevurugika. Halii mtu, hakimbii mtu. Baadaye ndipo nyota inakua usiku hadi usiku, bahari inapanda, miji inazama. Ukishaanza kutisha watu tangu kwenye Neptune, bahari ikifika huna tena pa kupandia. Kurasa za mwanzo nazisoma kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mwisho wake ndio mtihani. Wanafalaki wa Mars wanaitazama Dunia kwa mbali na kushangaa jinsi ilivyoharibika kidogo tu: weupe wa kwenye ncha zake mbili umepungua, basi. Umati wa watu umekwisha, na kule hakuna aliyejua. Aya hiyo isome kwa sauti ileile ya Neptune, bila chembe ya huzuni. Kaa kimya sekunde mbili tatu kabla yake, kisha ipite. Niliwahi kuwawekea mafundi usomaji wa mtu aliyetia kilio pale, na mmoja wao akauliza, "Sasa akilia yeye, sisi tulie lini?" Sijasikia mafunzo ya usimulizi yanayozidi hayo.

Wahusika watofautishe kwa mwendo wa kusoma. Mwanahisabati wa hadithi hiyo anawaambia wanafunzi wake, kwa ufupi kabisa, kwamba inaonekana binadamu ameishi bure. Mpe utulivu wa mwalimu aliyekwisha piga hesabu. Usimkwaruzie koo.

Kurekodi ni usiku, baada ya Isha, bodaboda zikipungua. Alfajiri kunguru hawakuachii nafasi. Mvua ya masika ikipiga bati, lala. Kaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi, godoro limesimama nyuma yako, pangaboi umelizima. Jasho litatoka, kwa hiyo soma vipande vifupi na maji yawe karibu. Simu iweke kando kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige, na uiweke kwenye hali ya ndege. Acha sekunde chache za chumba kitupu mwanzoni. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, itazitumia kuondoa mvumo. Namba ndefu ziandike kwa maneno kwenye karatasi. Na lafudhi yako ya Tanga usiifiche, tafadhali. Inapendeza mno kwenye hadithi za nyota.

Kuhusu hakimiliki: Wells alifariki 1946, na kazi zake ziko huru kwa yeyote kuzitumia Uingereza tangu 2017. Hadithi za magazeti ya Marekani za miaka ya 1950 zinahitaji uangalifu. Zilizochapishwa kabla ya 1964 ilibidi hakimiliki yake ihuishwe ilipokaribia kutimiza miaka 28. Ambazo hazikuhuishwa zikawa huru kule. Ndiyo maana LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza 2005, una mikusanyo mingi ya hadithi hizo. Isikilize, uone nani anasimulia na nani anaigiza. Ila tafsiri ya Kiswahili ina mwenyewe, hata kama hadithi ni huru. Kama hukuitafsiri wewe, pata ruhusa ya mfasiri kwa maandishi kabla hujarekodi.