Teke la kuruka: anza na kutua

Miezi minne ya mazoezi ya sanaa za mapigano inatosha kuanza mateke ya kuruka, mradi teke la kawaida unalipiga bila kuyumba. Ukiyumba chini, hewani ndiyo kabisa.

Anza na kutua. Ruka tu bila kupiga, shuka kwa mbele ya wayo, magoti yakunjike na yasiingie ndani. Ukisikia kishindo sakafuni, bado hujaiva. Mimi nilikuwa na haraka zangu, nikatua mguu umenyooka kama mwichi. Goti lilinikumbusha miezi mitatu.

Kisha lijaribu teke la mbele la kuruka, lile ambalo kwenye karate huitwa mae tobi geri. Siri yake iko kwenye goti la mguu usiopiga: lirushe juu kwa nguvu, kama unaparamia ngazi ndefu, halafu ubadilishe miguu hewani. Goti hilo ndilo linalokuinua. Wengi hupiga wakiwa wameshaanza kushuka, wanashangaa teke halina uzito. Piga ukiwa kileleni. Padi, ule mto wa kupigia anaoshika mwenzako, ishikwe usawa wa kiuno kwanza, sifa za kupiga usawa wa kichwa baadaye.

Kwenye pambano nalitumia kwa nadra. Ukishapaa huwezi kubadili njia, na mpinzani akikwepa nusu hatua pembeni unatua ubavu wazi. Mvizie anaporudi nyuma kwa mstari mmoja. Na usifanye mateke haya mwisho wa kipindi miguu ikiwa imelegea, vifundo hupinduka wakati huo.