Kabla hujanunua sato, pima maji yako ya Julai

Mwaka wa kwanza nilipoanza akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwenye kokoto kwa maji yaleyale yanayozungushwa na pampu, nyumbani Kihesa, mjini Iringa, nilinunua vifaranga 200 vya sato mwezi wa Mei kwa sababu tu muuzaji alikuwa navyo na bei ilikuwa nafuu. Kufikia katikati ya Julai nilikuwa nimebaki na samaki 31, nao walikuwa wamejikunyata chini ya tangi kama vijiwe. Nilimlaumu muuzaji, nikalaumu maji ya bomba, nikalaumu hata kokoto, hadi siku nilipochovya kipimajoto majini saa kumi na mbili asubuhi nikasoma nyuzi 15.

Sato hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusitasita, na yakikaribia 15 huacha kula kabisa. Mimi niliendelea kuwamwagia chakula kilekile asubuhi na jioni, kikazama, kikaoza, amonia, sumu itokanayo na uozo na uchafu wa samaki, ikapanda, na bakteria wa kwenye kokoto ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitraiti na kisha nitreti, ambayo ni chakula cha mboga, walikuwa nao wamezubaa kwa baridi. Kwa hiyo baridi iliwadhoofisha samaki, lakini kilichowaua ni mkono wangu mwenyewe. Idadi nayo ilikuwa kosa, kwa sababu tangi langu ni la lita 1,000, na kwa mtu anayeanza, samaki 25 hadi 30 watakaofikia nusu kilo wanalitosha kabisa tangi hilo.

Kilichonipotosha zaidi ni ushauri wa wafugaji wa mabwawa, ambao ni watu wa kweli na sato wao wanaonekana. Bwawa la udongo limezungukwa na ardhi inayohifadhi joto, na maji yake mengi hayapoi kwa usiku mmoja. Tangi la akwaponiki limesimama juu ya ardhi, na usiku kucha pampu inayachota maji yake, inayapitisha kwenye kitanda cha kokoto kilicho wazi kwa upepo, kisha inayarudisha yakiwa yamepoa. Ni sawa na kuimimina chai kutoka kikombe hiki kwenda kile ili ipoe. Ndiyo maana jirani yako mwenye bwawa anaweza kuvuka Julai na sato wake, nawe ukapoteza wako mtaa huohuo.

Kwa hiyo, jaza tangi mapema, washa pampu, pima maji alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki kadhaa za msimu wa baridi, kisha ndipo uzungumzie aina ya samaki. Ukiwa Kyela au bonde la Usangu, ambako ni joto, huenda usijisumbue sana. Ukiwa Njombe, Makambako, Uporoto au Mbeya mjini, sato wa tangi la nje ni wa msimu, na mimi sasa nawafuga hivyo: napandikiza mwezi wa Oktoba maji yanapoanza kupata joto na kuvua mwezi wa Mei. Wangu hufika gramu 250 hivi, nao wanatosha sahani ya mtu mmoja na ugali wake. Kulifunika tangi na vitanda kwa kitalu nyumba cha nailoni kunasaidia mchana, ingawa usiku faida yake ni ndogo kuliko wauzaji wa nailoni wanavyosema.

Kambale ni chaguo la pili, na kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara ana sifa moja kubwa: anapumua hewa ya juu, kwa hiyo pampu ikizimika usiku utamkuta hai asubuhi. Hata hivyo naye hupenda maji ya joto, hivyo usimnunue ukidhani ameumbiwa baridi. Tena kambale hulana, na aliyewazidi wenzake kidogo huwameza, kwa hiyo vifaranga wake lazima wawe wa kimo kimoja na wachambuliwe tena kila baada ya wiki chache. Tangi lake lifunikwe wavu, maana huruka na kutambaa.

Halafu kuna trauti, samaki wa maji baridi aliyepandikizwa enzi za ukoloni katika baadhi ya mito ya nyanda hizi za juu kusini, na kila mkazi wa Njombe anayenipigia simu humtaja. Maji ya nyuzi 10 hadi 16 yanamfaa kweli, lakini anahitaji oksijeni nyingi kiasi kwamba pampu ikizimika kwa muda mfupi tu unaweza kumpoteza, na chakula chake kinataka protini nyingi zaidi kuliko cha sato. Mtu asiye na umeme wa akiba simshauri amguse.

Sasa kuhusu mahali pa kupata vifaranga. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, na vinavyotuhusu sisi wa kusini ni Ruhila, Songea, na Kingolwira, Morogoro. Wapo pia wazalishaji binafsi, wazuri na wabaya. Maafisa uvuvi wa halmashauri huwajua wengi wao, na swali la kwanza la kumuuliza afisa si bei, ni nani ambaye wateja wake wamerudi kununua tena. Mimi sinunui tena kwa picha za simu. Naenda, naomba nione samaki wazazi, kisha naomba kifaranga kimoja kiwekwe kwenye beseni jeupe. Kifaranga mzima hugeuka upesi kuukimbia mkono, mapezi yake hayajachanika, na tumbo halijabonyea. Ukimwona anayumba juu ya maji akihema, au ana utando mweupe kama pamba, aga kwa heshima uondoke. Nanunua wa gramu 5 na kuendelea, ingawa wale wadogo wa gramu moja ni rahisi kwa bei, kwa sababu wadogo ndio wanaofia njiani.

Uliza pia kama ni madume matupu. Sato jike hukomaa akiwa bado mdogo, na majike na madume wakichanganyika katika maji ya joto huzaliana mfululizo hadi tangi lijae vidagaa visivyokua. Kundi langu la pili niliuziwa kama madume matupu, na mwezi wa Februari nikakuta majike manne yamefumbata mayai midomoni. Huwezi kuwatenganisha kwa macho wakiwa wadogo, hivyo hapo unanunua uaminifu wa muuzaji.

Wako wanaokwenda bwawa la Mtera au Ziwa Nyasa kuchota samaki wadogo wa bure. Hao huleta minyoo na magonjwa, na hujui ni aina gani. Kinyume chake pia kiepukwe: sato wa dukani asimwagwe mtoni, kwa sababu Ziwa Nyasa lina perege wake wa asili, wakiwemo chambo, ambao mgeni huyu anaweza kuwabana na kuchanganya nao uzazi.

Njia nayo ina mambo yake. Vifaranga hufungwa kwenye mfuko wa nailoni wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, baada ya kukaa siku nzima bila kula ili wasichafue maji. Kutoka Morogoro adui ni joto la Ruaha Mbuyuni kabla basi halijaanza kupanda Kitonga, kwa hiyo nachagua safari ya usiku. Kutoka Songea adui ni baridi ya Njombe na Makambako, na huko naweka mfuko ndani ya ndoo iliyozungushiwa vipande vya godoro kuukuu.

Nikipokea mzigo Ipogolo, hapa Iringa, sifungui mfuko palepale, hata kondakta akiwa na hamu ya kuona. Nyumbani nauacha uelee kwa nusu saa juu ya maji ya tangi dogo la karantini, ambamo wageni hutengwa kwanza, kisha naongeza maji ya tangi ndani ya mfuko kikombe kimoja baada ya kingine, ndipo nawaachia. Maji hayo ya bomba yamekaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Chumvi kidogo isiyo na madini ya joto naitia humohumo na si kwenye mfumo mkuu, kwa sababu mboga haziipendi. Siku ya kwanza siwalishi. Siku ya pili nadondosha punje chache, nachuchumaa pembeni, na kama zote hazijaisha kwa dakika tano naziopoa kwa chujio la chai. Baada ya wiki mbili, wale waliobaki wanakula kwa kugombania ndio wanaohamia kwenye tangi lenye chainizi na figiri.