Majibu ya Mkeo Siyo Majibu Yako

Kabla sijaandika neno niliomba ruhusa kwa mama watoto. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake, na hata isingekataza, mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Amesoma, akafuta mistari miwili, akasema haya peleka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, mzaliwa wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiingia kwa magendo kutoka Uganda. Baba yangu mdogo alipofariki walichoma godoro lake na shuka zake nyuma ya migomba. Nikakua naamini virusi vinakaa kwenye nguo. Halafu nikaja kuwa fundi nguo, fikiria.

Mke wangu aliposhika mimba ya kwanza nikamwambia aende kliniki mwenyewe, mimi nina suti ya bwana harusi inanisubiri. Ukweli nilikuwa nimeshapiga hesabu ambayo nasikia wanaume wanaipiga kila siku hapa kijiweni: atapimwa yeye, akiwa mzima na mimi mzima. Alirudi na ujumbe wa nesi kwamba baba naye aje. Sikulala usiku ule.

Kazini sindano imenipitia kidole mara nyingi, moja ilitokea upande wa pili wa ukucha na bado nikamaliza pindo. Lakini kale kasindano ka kliniki kalinitoa jasho. Tone la damu kwenye kipimo, matone ya majimaji juu yake, halafu mnakaa mnatazama ukutani. Wangu ulitoka mstari mmoja. Wake miwili, na kipimo cha pili cha kuthibitisha kikasema vilevile.

Miaka miwili ya ndoa, kondomu hatuijui, yeye anavyo, mimi sina. Nikasema wamechanganya damu. Nikawaza na mengine ambayo hayaandikiki. Nesi akaniangalia: "Kaka, si kila tendo linaambukiza. Ya jana umepona, ya kesho huijui."

Virusi hivi hupita kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Nafasi ya kupita katika tendo moja ni ndogo, ila hupanda kama kuna magonjwa ya zinaa, au kama mwenye virusi ana vingi mwilini, hasa wiki za mwanzo kabla hajajijua. Kuna anayekaa na mwenza mwenye virusi miaka asipate, na kuna anayepata siku ya kwanza. Ndiyo maana ile hesabu ya kijiweni ni mbovu. Mke anaweza kuwa mzima na mume anavyo, au kinyume chake kama sisi. Kuhusu vilitoka wapi, tulikubaliana tusiulizane. Jibu lisingetusaidia kitu.

Siku ileile akaanzishiwa dawa, kidonge kimoja kwa siku. Mimi nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu, maana kipimo hukosa maambukizi mapya, na wakati huo tutumie kondomu huku nikimeza PrEP, dawa kinga ya asiye na virusi. Niliimeza mpaka kipimo chake cha wingi wa virusi kiliporudi havionekani.

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hata wauguzi nimewakuta wanalisema kwa kigugumizi. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hamwambukizi kabisa. Utafiti wa Ulaya uliofuatilia wenza kama sisi, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, ulihesabu matendo karibu 58,000 bila kondomu, na hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Sharti ni kutoruka dozi. Alamu yetu inalia saa tatu usiku. Imewahi kulia msibani, watu wakadhani simu imekosa adabu.

Mtoto alipozaliwa alipewa dawa ya maji, na wiki ya sita wakamtoboa kisigino, damu ikadondoshewa kwenye viduara vya karatasi. Alinyonya, ndiyo, miezi 6 ya kwanza bila hata maji ya kunywa, mama yake akiwa kwenye dawa. Kipimo cha mwisho tulikifanya ameshaacha ziwa na ametimiza miezi 18. Hana. Sasa yuko chekechea na mkasi wangu haukai mahali pake.

Dada yangu alikuja kumsaidia mzazi. Siku ya tatu nikaona kikombe cha kijani kimewekwa peke yake dirishani, cha wifi. Sikupigana naye. Nilikichukua nikajimiminia chai, nikanywa mbele yake mpaka mwisho. Kikombe hakiambukizi, wala choo, wala mbu, wala kukumbatiana. Wembe mnaochangia kunyolea au kuchanjia, huo ndio wa kuuogopa.

Wanaume wenzangu, kama foleni ya kituo inawatia aibu, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Kuna kipimo cha kupitisha kwenye fizi, unakifanya chumbani kwako. Kikionyesha unavyo, bado lazima uende kituoni wathibitishe. Tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kupata kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60, ambayo maana yake asilimia zilizobaki zipo palepale. Usivae tohara kama kondomu.

Na kuna PEP, dawa za dharura, ambazo watu hawazijui mpaka zimeshachelewa. Kijana mmoja anayeshona meza ya jirani kondomu ilimpasukia Ijumaa. Alikuja kunong'ona Jumatano, ananiuliza kama kuna dawa ya kuosha damu. Ipo ya kuzuia, unameza siku 28, lakini lazima uanze ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ndizo bora. Alihesabu kwa vidole, akakaa kimya. Nilifunga duka nikaenda naye kituoni. Majibu yake ni yake, hayahusiki hapa.

Yangu ni Jumanne ijayo. Nimeiandika kwa chaki ukutani, kati ya sare za shule na gauni la mteja anayenidai tangu Pasaka.